Kuruka Mstari: Hesabu ya Shilingi ya Ziada katika Mkopo wa Nyumba

Mhadhara kwa walimu na watumishi wa umma, Morogoro



Nina swali, na sitaki nijibiwe kwa sauti. Wewe uliyekaa hapo na una mkopo wa nyumba: jioni hii unadaiwa shilingi ngapi? Siulizi ulikopa ngapi, wala siulizi unakatwa ngapi kwa mwezi. Nauliza salio.

Nimeliuliza swali hili mara nyingi, kwenye semina na hata kwenye vikao vya ukoo, na karibu kila mara najibiwa rejesho. "Nakatwa laki nane na nusu." "Mimi milioni moja na kidogo." Rejesho tunalijua kwa sababu linatuuma kila mshahara unapoingia. Salio halimuumi mtu. Limekaa benki kwenye faili, linatozwa riba, na mwenye deni anaweza kulipa miaka saba bila kujua kama limetikisika au liko palepale. Nimekuja kuzungumza juu ya salio hilo, na juu ya kitu kimoja kinacholishusha upesi kuliko tunavyodhani: shilingi ya ziada, ile unayolipa juu ya rejesho bila kulazimishwa na mtu.

Toeni kalamu na karatasi. Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 100, riba asilimia 12 kwa mwaka, muda miaka 20, riba ikitozwa kwenye salio linalobaki. Nimechagua 12 kwa ajili ya wepesi: ni shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi, na hata asiye na kikokotoo atanifuata. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu kwa kawaida zimekuwa juu ya hapo. Nitalirudia hilo.

Rejesho la mkopo huu ni shilingi 1,101,086 kila mwezi, kwa miezi 240. Sasa andikeni mstari wa kwanza wa jedwali. Salio ni milioni 100, riba ya mwezi ni asilimia 1, yaani shilingi 1,000,000 kamili. Katika rejesho lako, milioni hiyo inaondoka kwanza. Kinachobaki kupunguza deni la msingi ni shilingi 101,086. Salio jipya ni 99,898,914.

Mstari wa pili: riba ni asilimia 1 ya salio hilo, 998,989. Msingi unapungua kwa 102,097. Salio ni 99,796,817. Mstari wa tatu: riba 997,968, msingi 103,118, salio 99,693,699. Endeleeni hivyo nyumbani mpaka usingizi uwashike. Kanuni haibadiliki mpaka mstari wa 240. Riba inashuka kidogo kidogo, msingi unapanda kidogo kidogo, jumla yake ni ileile kila mwezi.

Tazameni mwisho wa mwaka wa kwanza. Umelipa shilingi 13,213,032. Salio ni 98,717,977. Zaidi ya milioni 13 zimetoka mfukoni, deni limepungua kwa milioni 1 na laki karibu tatu. Baada ya miaka 5 umelipa milioni 66, unadaiwa milioni 91.7. Baada ya miaka 10, nusu ya safari, umelipa milioni 132, yaani zaidi ya ulichokopa, na bado unadaiwa milioni 76.7. Nusu ya deni lenyewe unaifikia mwishoni mwa mwaka wa 15. Mkopo ukiisha utakuwa umelipa jumla ya milioni 264, na katika hizo milioni 164 ni riba.

Nasema haya kwa uangalifu, kwa sababu nimewahi kuona mtu akitoka kwenye mazungumzo kama haya akiamini ameibiwa. Hakuna wizi hapo. Benki imekupa milioni 100 ambazo si zako, na kila mwezi inatoza bei ya zile ambazo hujazirudisha. Mwanzoni hujarudisha kitu, kwa hiyo bei ni kubwa. Lakini ndani ya kanuni hiyohiyo kuna mlango, na mlango huo uko upande wako.

Rudini kwenye mstari wa kwanza. Umelipa rejesho lako, salio limekuwa 99,898,914. Tuseme siku hiyohiyo ukaongeza shilingi 102,097. Salio linakuwa 99,796,817. Tafuteni namba hiyo kwenye karatasi zenu. Ndiyo salio la mwisho wa mstari wa pili! Umelipa mwezi mmoja, deni lako linasoma miezi miwili. Mwezi ujao utaanzia mstari wa tatu. Ule mstari wa pili umeuruka, na ile riba yake ya shilingi 998,989 haitatozwa kamwe, si mwezi ujao wala mwaka 2040. Kwa laki moja na kidogo umefuta karibu milioni.

Hilo ndilo jambo lote, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo. Malipo ya ziada ni kuruka mistari ya jedwali. Bei ya kuruka mstari ni msingi ulioandikwa kwenye mstari huo; unachookoa ni riba iliyoandikwa pembeni yake. Mwanzoni mwa mkopo msingi ni mdogo na riba ni kubwa, kwa hiyo kuruka ni rahisi na faida ni kubwa. Mstari wa 120 unauruka kwa shilingi 330,320. Mstari wa 200 unataka 732,224. Kadiri unavyochelewa, kila mstari unakuwa ghali zaidi, na riba unayookoa ndani yake inapungua.

Sasa tumjaribu mtu wa kawaida, mwalimu au muuguzi, ambaye hawezi kubuni fedha lakini anaweza kujibana laki moja kila mwezi. Analipa 1,201,086 badala ya 1,101,086. Ataumaliza mkopo lini?

Wapo walimu wa hesabu humu, na wazee waliotumia vitabu vya logi watafurahi. Chukua riba ya mwezi wa kwanza, 1,000,000, igawe kwa malipo mapya, 1,201,086: unapata 0.8326. Itoe kwenye moja: 0.1674. Tafuta logi yake, utapata hasi 0.7762, alama ya hasi iache. Gawa kwa logi ya 1.01, ambayo ni 0.00432. Jibu ni kama 179.6. Miezi 180, na ule wa mwisho haufiki rejesho kamili. Miaka 20 imekuwa 15. Jumla ya malipo inashuka kutoka milioni 264 hadi milioni 215.7. Laki mojamoja ulizotoa kwa miaka hiyo 15 hazifiki milioni 18. Riba iliyofutika ni milioni 48 na nusu.

Asiyependa logi asijali. Kompyuta yoyote yenye Excel itafanya kazi hii kwa safu nne: salio, riba, msingi, ziada. Safu ya riba ni salio mara riba ya mwezi. Msingi ni rejesho kutoa riba. Salio jipya ni salio la zamani kutoa msingi, kutoa ziada. Buruta chini mpaka salio liwe sifuri, kisha hesabu mistari. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kumfanyia mzazi wake kwa nusu saa, na ningependa walimu tuwape kazi hiyo kwa makusudi, maana logi na vipeo huonekana havina kazi mpaka vinapogusa paa la nyumba.

Nimeahidi kurudi kwenye riba. Mkopo uleule kwa asilimia 15 una rejesho la 1,316,790, na mwezi wa kwanza riba inachukua 1,250,000. Msingi unapungua kwa 66,790 tu. Laki moja ya ziada hapo inaruka mstari mmoja na karibu nusu ya unaofuata. Mtu wa laki moja kwa mwezi anamaliza kwa miezi 173. Riba ikipanda, nguvu ya ziada inapanda nayo.

Lakini wengi wetu hatupati fedha kwa mwezi tu. Zipo zinazokuja kwa mkupuo: malimbikizo ya mshahara, posho ya safari ndefu, mpunga ulioshika bei nzuri, kiinua mgongo. Tuchukue milioni 5. Ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa kwanza, salio linashuka kutoka milioni 98.7 hadi 93.7. Kwenye jedwali, deni la milioni 93.7 linakaa kati ya mstari wa 48 na wa 49. Ulikuwa wa 12, umeruka miaka 3 mizima, na umeokoa riba ya milioni 35. Milioni 5 zilezile ukiziingiza mwishoni mwa mwaka wa 10, unaruka kutoka mstari wa 120 hadi wa 134. Miezi 14. Umeokoa milioni 10 na kidogo. Si haba, lakini tofauti hiyo imeletwa na kitu kimoja tu: tarehe.

Kuna mwingine atasema: mimi naweza kujibana sasa, watoto wakiwa wadogo, lakini wakifika sekondari na chuo siwezi. Hesabu yake nimeifanya pia, kwa kuwa ndiyo hali ya familia nyingi ninazozijua. Lipa laki moja ya ziada kwa miaka 5 ya mwanzo, kisha simama kabisa, urudi kwenye rejesho la kawaida. Umetoa milioni 6. Baada ya miaka 5 ulitakiwa kubakiza miezi 180. Sasa unabakiza 143 na senti kidogo. Miaka 3 na mwezi mmoja imefutika, na hairudi kwa sababu umesimama.

Hapa naomba mniruhusu nitoke nje ya namba kidogo. Sisi ni watu wa kujenga. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza 1972 ikafa 1995, na kwa muda mrefu baada ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na mahali pa kukopa fedha za miaka 15 au 20. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilikuja 2008, na TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo, ikaanzishwa 2010. Kabla ya hapo, na kwa wengi mpaka leo, nyumba ilijengwa kwa mfuko wa mwenye nayo: kiwanja mwaka huu, tripu ya mchanga mwakani, msingi, boma likae miaka mitatu linaota majani, lenta, kupaua, kuhamia kabla ya madirisha. Kila fedha iliyoingia bila kutarajiwa iligeuka mfuko wa saruji kabla haijatafunwa. Wazazi wetu walikuwa na nidhamu hiyo bila kufundishwa na mtu wa benki. Tulipopata mkopo wa nyumba iliyokamilika, nidhamu ile tuliiacha, kana kwamba ujenzi umekwisha. Mimi naona haujaisha. Nyumba ipo, lakini sehemu yake kubwa bado ni ya benki, na laki moja ya ziada ni saruji ileile. Inajenga upande usioonekana.

Turudi kwenye namba, kwa sababu kuna mahali watu wanapotea hata baada ya kutoa fedha.

Unapopeleka ziada, benki inaweza kuifanyia mambo matatu. Inaweza kupunguza msingi na kuliacha rejesho palepale, hivyo muda unafupika; hii ndiyo hesabu yote niliyofanya mpaka sasa. Inaweza kupunguza msingi lakini ikaacha muda palepale na kushusha rejesho. Au inaweza kuziweka tu fedha zako pembeni kama malipo ya miezi ijayo.

Njia ya pili inapendeza machoni, kwa kuwa mwezi unaofuata unakatwa kidogo. Ile milioni 5 ya mwaka wa kwanza ingeshusha rejesho kutoka 1,101,086 hadi 1,045,317. Unapata nafuu ya 55,769 kwa mwezi. Jumlisha kwa miezi 228 iliyobaki, toa milioni 5 zako, umeokoa milioni 7.7. Njia ya kwanza iliokoa milioni 35. Fedha ni zilezile na siku ni ileile. Kilichotofautiana ni sentensi moja kwenye barua. Sisemi njia ya pili ni mbaya siku zote. Anayekaribia kustaafu na kujua kipato kitashuka, au aliyepungukiwa mshahara mmoja nyumbani, anaweza kuhitaji nafuu ya kila mwezi kuliko kitu kingine. Ila achague mwenyewe, asichaguliwe na fomu.

Njia ya tatu niliipitia mimi. Miaka mingi iliyopita nilipata malimbikizo, nikachukua shilingi milioni 3 nikaziingiza kwenye akaunti ya mkopo wangu wa nyumba, nikarudi nyumbani nimefurahi. Sikuandika kitu. Baada ya miezi 14 niliomba taarifa ya mkopo kwa ajili ya jambo lingine kabisa, nikakuta zile milioni 3 zimekaa vilevile kwenye akaunti, hazijagusa msingi, hazijazaa chochote, huku deni likitozwa riba kana kwamba sijapeleka kitu. Riba yangu wakati ule ilikuwa asilimia 16. Kwa miezi 14 nilipoteza zaidi ya laki tano na nusu. Afisa mikopo aliniambia kwa upole kwamba hakukuwa na maelekezo. Alikuwa na haki, na ndiyo maana iliniuma.

Tangu siku hiyo sipeleki shilingi bila barua, na barua yenyewe ni fupi: fedha hizi, kiasi fulani, zilizoingia tarehe fulani, zipunguze deni la msingi siku hiyohiyo, rejesho langu la mwezi libaki kama lilivyo, muda wa mkopo ufupishwe, naomba jedwali jipya la marejesho. Nakala moja inagongwa mhuri wa kupokelewa, narudi nayo. Mwezi unaofuata natazama taarifa, nahakikisha salio limeshuka kwa msingi wa kawaida na ziada yangu juu yake. Nikikuta kasoro siku ya 30, inarekebishika. Ukiikuta mwaka wa pili utaambiwa hesabu zimefungwa.

Kabla hujaandika barua soma mkataba. Tafuta mahali panapotaja kulipa kabla ya muda. Huenda kuna ada, huenda kuna notisi, huenda kuna kiwango cha chini cha ziada kinachopokelewa. Ndugu zetu walioko Uingereza wanajua kwamba mikopo mingi ya huko yenye riba iliyofungwa kwa miaka kadhaa huruhusu ziada ya hadi asilimia 10 ya salio kwa mwaka bila faini. Ukivuka hapo unatozwa. Kama mkataba wako una ada, ilinganishe na riba ya mistari utakayoruka. Ada ya asilimia 1 au 2 ya ziada mwanzoni mwa mkopo mrefu mara nyingi inalipika. Mwishoni huenda isilipe.

Tafuta pia namna riba inavyokokotolewa. Ukikuta inatozwa kwenye kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, bila kujali umelipa kiasi gani, hesabu yangu haikuhusu, kwa sababu hakuna mstari unaorukwa; riba imeshapangwa yote. Mikopo midogo mingi ya mitaani iko hivyo. Na kwa ndugu Waislamu waliochukua nyumba kwa murabaha: pale hakuna riba, kuna bei ya kuuziwa iliyokubaliwa mwanzoni. Kulipa mapema hakuipunguzi bei hiyo kwenyewe. Mwuzaji anaweza kusamehe sehemu kwa hiari yake, na ni vema kuuliza utaratibu wake kabla ya kutia saini, maana baada ya hapo unaomba hisani.

Jirani zetu wa Kenya wana jambo lao la kuongeza kwenye hesabu. Anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi huruhusiwa kuiondoa kwenye kipato kabla ya kodi, sasa hadi shilingi 360,000 za Kenya kwa mwaka. Kabla ya mwisho wa Desemba 2024 ilikuwa 300,000. Kwa aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30, riba iliyo ndani ya kiwango hicho inamgharimu shilingi 70 kwa kila 100. Ziada bado inamfaa, ila faida yake ni ndogo kidogo kuliko jedwali linavyoonyesha.

Kenya inanikumbusha kitu kizito zaidi. Mwanzoni mwa 2011 riba ya Benki Kuu ya huko ilikuwa karibu asilimia 6. Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa 18. Wenye mikopo ya riba inayobadilika waliona marejesho yakipanda ndani ya miezi. Turudi kwenye mkopo wetu wa milioni 100. Rejesho ni 1,101,086, riba ya mwezi wa kwanza ni 1,000,000. Nafasi iliyopo kati yake ni ndogo sana. Riba ikipanda kutoka 12 hadi 13.2 tu na rejesho lisibadilike, riba ya mwezi inameza karibu rejesho zima. Ikizidi hapo, unalipa kila mwezi na deni linakua. Benki haitakubali hali hiyo, kwa hiyo itapandisha rejesho. Kwa asilimia 14 na miaka 20 ni 1,243,521. Aliyekwisha kuzoea kulipa 1,201,086 kwa hiari yake ana pengo la shilingi 42,435 kwa mwezi. Aliyekuwa akilipa rejesho tupu ana pengo la 142,435. Na yule wa kwanza deni lake limeshapungua zaidi, kwa hiyo hata hilo rejesho jipya kwake litakuwa dogo. Mimi nikiulizwa faida kubwa ya ziada, sitaji milioni 48. Nataja usingizi wa mwaka ambao riba imepanda.

Sasa niseme lini usilipe ziada, kwa sababu hesabu inayopendekeza jibu moja kwa watu wote siiamini.

Kama una mkopo wa kausha damu, usilete hata shilingi kwenye nyumba. Mikopo ile hutoza kwa mwezi kile ambacho mkopo wa nyumba unatoza kwa mwaka, na mingine zaidi. Maliza huo kwanza, na deni la duka, na la jirani. Kama huna akiba ya kukuvusha miezi michache, weka akiba kwanza. Fedha ukishaziingiza kwenye msingi huwezi kuzichukua tena mtoto akilazwa. Utarudi kwa kausha damu kwa riba mara kumi ya uliyookoa. Akiba hiyo ikae mahali unapoifikia, kwenye akaunti au kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Baada ya hapo linakuja swali la wenye ziada kubwa: nipunguze mkopo au ninunue hatifungani za Serikali? Kipimo ni kimoja. Kila shilingi ya ziada inakuletea faida iliyo sawa kabisa na riba ya mkopo wako, kwa uhakika, bila kodi. Kama mkopo ni asilimia 17, umepata kitega uchumi cha asilimia 17, na sijui kingine kisicho na hatari kinachofika hapo. Kama ulibahatika kupata mkopo wa asilimia 10 kupitia mwajiri, mambo yanageuka: hatifungani ya miaka 25 imewahi kutolewa na kuponi ya asilimia 15.95, na anayepata tofauti ya namna hiyo aichukue, mkopo auache uende kwa mwendo wake. Ila awe mkweli kwa nafsi yake. Fedha ambayo kwenye karatasi inakwenda kwenye hatifungani, mara nyingi huishia kwenye harusi.

Neno la mwisho ni la ofisini, na lisichukuliwe kwa wepesi. Siku salio linaposoma sifuri, hati yako bado ina rehani iliyosajiliwa. Omba benki barua ya kumaliza deni na hati ya kufuta rehani, zipeleke kwa Msajili wa Hati, usiondoke mpaka rehani ifutwe kwenye daftari lake na hati irudi mikononi mwako. Nimewaona warithi wakihangaika miaka kwa deni ambalo baba yao alilimaliza akiwa hai, kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kulifuta.

Jedwali langu nimelileta. Ni karatasi zilezile nilizopewa siku ya kutia saini, zimechakaa kwenye mikunjo, na kila mstari niliouruka nimeukata kwa penseli nyekundu, pembeni nikaandika fedha ilitoka wapi: posho ya usahihishaji, mahindi, malimbikizo, mbuzi wawili. Iliyokatwa ni mistari 61. Lipo hapa mezani. Karibuni mlitazame, kisha tuanze maswali.